Databesi ya Access imegoma ikifika GB 2, mafaili ya wanachama nayaweka wapi?

Karani wa Kirumba
Wakuu heshima kwenu, na wa kanda ya ziwa wote mwadila.

Nina shida ya ofisini imeninyima usingizi tangu Ijumaa. Mi ni karani kwenye chama kidogo cha akiba na mikopo hapa Kirumba, wanachama wengi ni wavuvi na akina mama wa dagaa pale Mwaloni. Mwaka 2021 nilijifundisha Access (programu ya databesi ya Microsoft) kwa video za YouTube nikatengeneza databesi ya wanachama, mwenyekiti akafurahi mpaka akaanza kuniita injinia. Mwanzoni ilikuwa jina, namba, hisa, mkopo, basi. Afu nikanogewa. Nikaongeza picha ya pasipoti, hiyo niliweka kwenye kolamu ya OLE (aina ya kolamu ya kubandika picha na mafaili) sababu ndo niliyoiona kwenye video, baadae nikagundua kuna kitu kinaitwa atachimenti nikaanza kuskani fomu ya mkopo, kopi ya NIDA, barua ya mtendaji wa mtaa, fomu ya mdhamini, vyote naviweka humohumo ndani. Raha sana, unamfungua mwanachama unakuta kila kitu chake kipo.

Ijumaa kaja mama mmoja na fomu yake, naweka, nabonyeza kuhifadhi inaniambia "Invalid argument". Nikarudia. Nikazima nikawasha. Nikaweka jina tu bila faili, ileile. Nimeenda kuangalia faili la databesi lina karibu GB 2 kamili. Wanachama 640, wote wana picha. Atachimenti nimezihesabu kwa kwiri (swali unaloiuliza databesi) ni kama 700 hivi. Tuna kompyuta 3 na zote zinafungua faili hilohilo moja kwenye folda ya shea ya mashine ya mhasibu, kwa waifai.

Na kuna jambo la mwezi, wasiokuwa wa ziwani hamtaelewa. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika nchi kavu, na wakipumzika ndo wanajaa ofisini kukopa. Nina kama siku 9 kabla ya foleni. Nisaidieni.

Nzagamba wa Igoma
Nimefungua nikajua uzi wa bei ya dagaa. Naondoka zangu.

Fundi wa Makoroboi
Karani pole, ila usitishike, hiyo databesi haijaharibika, imeshiba. Faili la Access mwisho wake ni GB 2, liwe mdb la zamani au accdb lililokuja na Access 2007, na humo kwenye GB 2 wanakula mpaka vitu vyake vya ndani. Likigota hapo linatoa huo ujumbe ambao hauna uhusiano wowote na shida yenyewe, watu wanahangaika kutafuta kosa kwenye fomu zao kumbe gunia limejaa.

Kabla hujagusa kitu chochote: wote watoke, kopi hilo faili liweke kwenye hadidiski ya nje, andika tarehe, usilifungue tena. Kazi zote utafanya kwenye kopi nyingine. Nakwambia hili kwanza sababu najua utasoma mpaka hapa ukimbilie kufuta picha.

Sasa hesabu zako. OLE ndo mwizi mkubwa. Ukiweka picha ya JPEG mle, mara nyingi Access haihifadhi faili lako kama lilivyo, inalifunga kwenye makaratasi yake na kutengeneza bitmapu ya kuonyesha. Bitmapu haijabanwa, kila pikseli inakula baiti 3. Picha ya pasipoti ya pikseli 600 kwa 800 ni 480,000 mara 3, hiyo MB 1.4, wakati JPEG yenyewe ilikuwa KB 60. Zidisha kwa watu 640, unaona MB 900 na ushee zimeenda kwenye nyuso za watu tu. Atachimenti ina nafuu, inahifadhi faili kama lilivyo na yale ambayo hayajabanwa inayabana, ila wewe bila shaka unaskani rangi kwa dpi 600 (nukta 600 kwa inchi), PDF moja inakuja MB 1.6 au 2. Mara 700. Jumlisha uone kama hujafika GB 2.

Swali lako ni mafaili uyaweke wapi. Jibu langu: nje. We unakaa Kirumba, umeshaona karani wa Mwaloni anavyofanya kazi, gunia la dagaa linakaa kizimbani, kwenye daftari anaandika la nani, lini limeingia, kilo ngapi, liko kizimba namba ngapi. We umejaribu kuingiza magunia ndani ya daftari.

Karani wa Kirumba
Hahaha kaka nimekuelewa mpaka nimecheka mwenyewe. Ni kweli skana iko dpi 600 rangi, nilidhani ubora ni ubora. Kopi nimeshafanya. Sasa nje ndo wapi, na databesi itajuaje faili liko wapi?

Fundi wa Makoroboi
Tengeneza teibo mpya ya nyaraka. Usiongeze kolamu kwenye teibo ya wanachama za fomu1 fomu2 fomu3, nimeshaona hiyo kitu kwenye ofisi moja walifika mpaka fomu14. Mwanachama mmoja nyaraka nyingi, kwa hiyo teibo ya nyaraka inakuwa na namba ya waraka inayojiongeza yenyewe, namba ya mwanachama, aina ya waraka (hii itoke kwenye orodha, watu wasiandike kwa mkono maana utapata NIDA, nida, Kitamb. na kitambulisho ndani ya wiki moja), tarehe iliyo kwenye karatasi yenyewe, tarehe mliyoskani, nani kaskani, na njia ya faili.

Kwenye njia usiandike njia nzima. Hapa ndo watu wanaumia. Niliwahi kuwekea mtu mfumo nikaandika njia zote zinaanza na Z: sababu ndo draivu waliyounganisha, siku kompyuta ya pili ikaunganishwa shea ileile kwa herufi Y, hakuna faili linalofunguka, mwenye ofisi kanipigia usiku ananiita tapeli. Andika kipande cha mwisho tu, mfano 2025\08\004517.pdf, halafu ile sehemu ya mwanzo iweke mahali pamoja kwenye teibo ya mipangilio, tena uiandike kwa jina la mashine, \\MHASIBU\Nyaraka\, usitumie herufi ya draivu. Siku mkihama mashine unabadilisha mstari mmoja.

Kitufe cha kufungua ni hiki tu:

Private Sub cmdFungua_Click()
    Application.FollowHyperlink DLookup("Mzizi", "tblMipangilio") & Me.Njia
End Sub

Kolamu ya njia iwe maandishi ya kawaida, herufi 255 zinatosha na kubaki. Usitumie aina ya haipalinki, ile ndani yake inahifadhi vipande vilivyotenganishwa kwa alama ya #, ukija kutaka kuirekebisha kwa kwiri utalia.

Dada wa Nyegezi
Fundi nakuheshimu ila unaongea kama vile kuweka ndani ni ujinga, na sio hivyo. Kuweka ndani kuna faida ambazo ukitoka nje unazipoteza zote. Bakapu inakuwa faili moja. Ukimfuta mwanachama na nyaraka zake zinaondoka, hakuna faili yatima. Mtu hawezi kuingia kwenye folda akabadilisha jina la faili kwa bahati mbaya. Na kubwa kuliko yote, faili la accdb unaweza kulifunga kwa paswedi na likasimbwa kwelikweli, wakati hiyo folda yako ya PDF kila aliyeingia kwenye netiweki anasoma NIDA za watu. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, chama cha mikopo kinakusanya taarifa za watu kwa hiyo kinahusika moja kwa moja.

Na kitaalamu sio kila databesi iko kama Access. Kuna utafiti wa Microsoft wa mwaka 2006 walipima hili suala hilihili kwa SQL Server (databesi kubwa ya Microsoft) na NTFS (mfumo wa Windows wa kupanga mafaili kwenye diski), wakaona vitu vilivyo chini ya KB 256 vinakaa vizuri ndani ya databesi, vilivyozidi MB 1 vinakaa vizuri kwenye mafaili, katikati hapo inategemea mnaviandika upya mara ngapi. Watu wa SQLite, databesi nyingine ndogo, nao wanasema kwa vitu vidogo chini ya KB 100 kusoma ndani ya databesi kunaweza kuwa haraka kuliko kufungua faili mojamoja. Kwa hiyo picha za pasipoti za KB 60 ningeziacha ndani, kwa atachimenti lakini, OLE hapana.

Fundi wa Makoroboi
Dada hoja ya picha naikubali nusu. KB 60 mara 640 ni MB 38, haina madhara. Ila atachimenti ndani kwa ndani ni teibo iliyofichwa, na siku wakitaka kuhamia databesi nyingine ile kitu haihami kirahisi, hakuna databesi nyingine kubwa inayoijua. Bora picha nazo zikae nje, tabia iwe moja.

Hoja ya paswedi umenishika, hapo sina ubishi. Mafaili yakiwa nje, paswedi ya databesi haiyalindi hata kidogo. Karani sikiliza: kwenye mashine inayobeba folda, kama Windows yake ni Pro washa BitLocker, inayoisimba diski nzima, na ile namba ndefu ya kufungulia iandike kwenye karatasi iwekwe kwenye sefu ya chama, tafadhali isikae kwenye mashine hiyohiyo. Halafu kila mfanyakazi awe na akaunti yake, folda ya shea ipewe hao tu. Na kuna ruhusa za NTFS unaweza kumruhusu mtu aongeze faili lakini asifute. Mle ndani ya Access msitegemee kupanga nani aone nini, ule ulinzi wa watumiaji uliondolewa tangu fomati ya accdb ilipokuja.

Bwana Capripoint
Mnamtesa mtu bure. Achana na Access weka SQL Server Express, ni ya bure, databesi moja inabeba GB 10 (toleo la 2025 wamepandisha mpaka 50), na ina FILESTREAM tangu 2008, faili linakaa kwenye diski ila databesi ndo inalisimamia, mabishano yenu yote mawili yanaisha.

Dada wa Nyegezi
Kweli kabisa na kama ingekuwa ofisi yenye mtu wa IT ningesema hivyohivyo. Hapa mtu wa IT ni karani mwenyewe, na ana siku 9.

Bwana Capripoint
Sawa siku 9 nakubali. Ila msimwambie Access ni ya milele. Aanze hivyo, mwakani teibo zinahamia SQL Server na fomu zake za Access zinabaki zilezile zinaunganishwa tu, hilo linawezekana.

Fundi wa Makoroboi
Na ndo sababu nyingine ya kuweka mafaili nje. Ukihama unahamisha teibo, folda haijui hata kama kuna kitu kimetokea.

Mtoto wa Igogo
Si muweke tu kwenye Google Drive ile folda pamoja na databesi yake, kila mtu anaona popote alipo?

Fundi wa Makoroboi
Mafaili ya PDF sawa. Databesi usithubutu. Hizi programu za kusinki zinachukua faili zima zinalipeleka, hazijui kwamba watu wawili wako ndani wanaandika. Mmoja akihifadhi kwake, mwingine kwake, unapata kopi mbili zenye ukweli tofauti, moja ina rejesho la mkopo nyingine haina. Hapo umegombanisha mhasibu na wanachama.

Na waifai Karani! Nilitaka nilipite hili ila siwezi. Access ikiwa katikati ya kuandika na waifai ikakatika kidogo, faili linaweza kuharibika kabisa. Vuta waya. Mashine tatu, suwichi ndogo na kebo, sio hela ya kuuza mtumbwi. Halafu gawanya databesi: teibo kwenye faili moja kwa mhasibu, fomu na ripoti kwenye faili jingine, na KILA kompyuta iwe na kopi yake ya hilo la fomu kwenye diski yake yenyewe. Kuna kitufe cha kugawanya mlemle ndani ya Access, kinafanya chenyewe. Hizo kompyuta nyingine mbili kama hazina Access iliyolipiwa, kuna Access Runtime ya bure, inafungua fomu vizuri ila haikuruhusu kuzitengeneza.

Karani wa Kirumba
Wabeja sana wakuu. Nimesoma yote mara mbili. Nina maswali mawili. La kwanza, mafaili nilikuwa nataka niyape majina ya wanachama ili hata bila databesi mtu akiingia kwenye folda aone la nani. La pili, hizi 700 zilizo ndani nazitoaje, mojamoja kwa mkono?

Sengerema Kwetu
La majina nijibu mimi maana nilishajichoma. Majina yetu sisi yana Ng', na ile alama ya juu kwenye SQL ndo alama ya kufunga maandishi. Nilikuwa natafuta mteja anayeanza na Ng'wa, kwiri inakufa hapohapo inasema kuna kosa la kuandika, nikatafuta kosa siku mbili. Ukitunga SQL kwa kodi lazima uiandike hiyo alama mara mbili, kwa Replace. Sasa na folda nayo ujaze majina yenye alama hizo, na mtu mmoja kaandikwa Masanja kwenye fomu na Massanja kwenye kitambulisho, na akina mama wanaobadili majina wakiolewa. Jina la mtu linabadilika. Namba haibadiliki. Tena NIDA ya mtu usiiweke kwenye jina la faili kabisa.

Kwangu mimi faili ni namba ya waraka tu, tarakimu sita, 000001 na kuendelea. Folda ya mwaka, ndani folda ya mwezi. Ukiingia bila databesi huelewi kitu na hilo mi naliona zuri, hata mwizi haelewi.

Karani wa Kirumba
Na databesi ikifa? Tutabaki na mafaili elfu yenye namba hatujui ni ya nani?

Sengerema Kwetu
Swali zuri. Mi kila Ijumaa natoa teibo ya nyaraka kama faili la CSV (maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa koma), naliweka kwenye folda hiyohiyo ya mafaili. CSV inafunguka popote hata miaka 20 ijayo. Databesi ikifa nina orodha.

Dada wa Nyegezi
Kuzitoa usifanye kwa mkono. Atachimenti ina amri yake ya kujitoa, SaveToFile, unazunguka rekodi mojamoja kwa DAO (njia ya Access ya kusoma rekodi kwa kodi), na ndani ya kila rekodi unazunguka viambatisho vyake. Kiini chake ndo hiki, teibo na kolamu badilisha uweke majina yako:

Set rs = CurrentDb.OpenRecordset("tblWanachama")
Do Until rs.EOF
    Set rsF = rs.Fields("Viambatisho").Value
    Do Until rsF.EOF
        rsF.Fields("FileData").SaveToFile "D:\Kutoa\" & rs!MwanachamaID & "_" & rsF!FileName
        rsF.MoveNext
    Loop
    rs.MoveNext
Loop

Zingatia nimeweka namba ya mwanachama mbele ya jina. Ndani ya rekodi moja Access hairuhusu mafaili mawili yenye jina moja, lakini kwa wanachama tofauti najua una "nida.pdf" mia mbili, na SaveToFile ikikuta faili lenye jina hilo lipo tayari inagoma. Ikimaliza, hesabu: zilizotoka folda zilingane na zilizokuwa ndani. Zisipolingana usifute kitu.

Za OLE hazina amri hiyo. Inawezekana kwa kodi ya kuchambua baiti ila ni mateso, na kwa picha za pasipoti wala sikushauri.

Fundi wa Makoroboi
Wanachama si wanakuja wenyewe mbalamwezi? Wapige picha upya kwa simu. Nyuso za 2021 zenyewe zimeshabadilika.

Ukishafuta kolamu hizo faili litabaki GB 2 vilevile, usianze kunitukana. Access haipungui mpaka uiambie Compact and Repair, ile inatengeneza faili jipya na kuhamishia vilivyo hai tu, kwa hiyo uwe na nafasi kwenye diski na wote wawe wametoka. Kama kale kafaili ka laccdb bado kapo pembeni ya databesi, mara nyingi kuna mtu yumo ndani, katafute nani.

Na skana weka dpi 200, rangi ya kijivu. Ukurasa wa A4 kwa dpi 600 ni pikseli karibu milioni 35, kwa 200 ni milioni 3.9, mara tisa chini, na fomu inasomeka vizuri tu. Rangi iache kwa kitambulisho na muhuri.

Mtoto wa Igogo
Kwa bakapu mi natumia robocopy, amri moja, /MIR inakopi folda nzima iwe sawasawa na ya mwanzo. Weka kwenye ratiba ya Windows iwe inafanya yenyewe saa 11 jioni.

Sengerema Kwetu
Hapana hapana hapana. /MIR maana yake kioo. Ukifuta kimakosa asubuhi, saa 11 jioni na bakapu nayo inafuta, kwa uaminifu mkubwa. Na virusi vya kudai hela vikifunga mafaili yote, bakapu yako inakopi yaliyofungwa juu ya mazima. Tumia /E bila /MIR, inakopi vipya na vilivyobadilika ila haifuti huko ulikopeleka, na kwa sababu PDF za skani hazibadiliki, weka /XC /XN /XO pia, isiandike juu ya faili ambalo tayari lipo. Diski ziwe mbili, wiki hii moja wiki ijayo nyingine, na isiyotumika ikae jengo lingine. Mi yangu inalala nyumbani, zamani nilikuwa naipakia kwenye pantoni Kigongo naombea isidondoke majini, siku hizi tunapita darajani kilomita 3 tunajiona mabosi.

Mtoto wa Igogo
Aisee. Ngoja nikabadilishe.

Nzagamba wa Igoma
Nilisema naondoka, bado nipo. Hivi databesi si inaitwa kanzidata?

Fundi wa Makoroboi
Inaitwa kanzidata kwenye kamusi. Kwa mteja ukisema kanzidata anauliza ni bei gani kwa mita.

Karani wa Kirumba
MREJESHO. Siku ya saba leo.

Kodi ya dada imetoa mafaili 703. Ndani zilikuwa 703. Nilihesabu mara tatu mhasibu anashuhudia. Nikafanya kila moja rekodi yake kwenye teibo ya nyaraka na kuyapa namba, aina za nyaraka nimejaza kwa mkono usiku mbili, mke wangu anasoma mi naandika. Kolamu mbili nimefuta, kompakti, databesi imetoka GB 2 imekuwa MB 19. Niliangalia nikadhani nimefuta na wanachama. Wapo wote 640.

Waya tumevuta. Mwenyekiti alibisha kidogo kwenye hela ya suwichi, nikamwonyesha hiyo MB 19 akanyamaza. Kila mashine ina fomu zake. BitLocker mashine ya mhasibu imekubali, karatasi iko kwenye sefu.

Shida zilizojitokeza. Moja, nilianza kwa kuyaacha majina ya zamani kwa baadhi ya mafaili, yakawa hayafunguki kabisa yote yaliyoandikwa kama "Fomu #12", kumbe FollowHyperlink ikiona # inadhani jina la faili limeishia hapo, hapo ndo nikamwelewa Fundi na habari ya haipalinki. Nimeyageuza yote kuwa namba, yamefunguka. Mbili, yule mama wa Ijumaa iliyopita ndo alikuwa wa kwanza kuingizwa kwenye mfumo mpya, kachukua mkopo wake, wala hakujua kulikuwa na vita.

Tatu ndo inayoniuma. Niliandika kakodi kadogo ka kuangalia kila njia kwenye teibo kama faili lake lipo kweli, kwa amri ya Dir. Yote 703 yapo. Ila nilipofungua mojamoja kwa kubahatisha, nikakuta PDF 17 zina kurasa nyeupe tupu. Nimeangalia kwenye ile kopi ya zamani, nazo ni nyeupe vilevile. Yaani mwaka 2022 mtu aliweka karatasi kwa upande usio na maandishi kwenye skana na hakuna aliyefungua kuangalia mpaka leo.

Fundi wa Makoroboi
Mtu huyo ni nani?

Karani wa Kirumba
Kolamu ya nani kaskani hatukuwa nayo kipindi hicho.

Dada wa Nyegezi
😂😂😂

Fundi wa Makoroboi
Ongeza kolamu ya ndiyo/hapana iitwe Imehakikiwa, na asitiki mtu yuleyule aliyeskani, atiki mwingine. Hizo 17 karatasi zake bado mnazo?

Karani wa Kirumba
Nyingi zipo kwenye boksi faili stoo. Sita ni za watu wa Ukerewe, karatasi zao zilibaki tawini Nansio, nimeshapiga simu watazituma na meli ya kesho. Naingia stoo sasa hivi, mwezi umeshaanza kuwa mkubwa na jana jioni wawili walishakuja kuulizia fomu.